"Valizi imepita, gari ni zima": tunavyodanganyana kuhusu skana ya gari lililotumika

Hapa Lubumbashi, ukienda kununua gari lililotumika, siku hizi muuzaji hangoji umuulize. Anatoa kidude mfukoni, anakichomeka chini ya usukani, anakuonyesha simu yake: sifuri. "Yaya, iko muzima. Hakuna ata kode moja." Kode ni namba ya kosa inayowekwa na kompyuta ya gari, na kidude kinachoisoma mekanisye wetu hukiita valizi, jina lililobaki tangu enzi za mashine za garaji zilizokuja ndani ya sanduku kubwa, ingawa cha leo kinaenea kiganjani. Mimi pia ninacho. Nimewasindikiza nacho ndugu na majirani wengi kwenye viwanja vya magari, na nimepotoka nacho zaidi ya mara moja. Maneno yaliyo hapa chini nayasikia kila nikienda huko.

"Hakuna kode, basi hakuna ugonjwa"

Hili lilimgharimu shemeji yangu. Ilikuwa RAV4 ya 2008, usukani kushoto, imetoka Marekani, safi hadi kwenye zulia. Nilichomeka valizi mwenyewe, sikuona kode, akalipa. Jumamosi akaenda Likasi, kama kilometa 120, gari likatulia kama limetoka kiwandani. Jumapili akirudi, taa ya injini ikawaka. Kode ilikuwa P0420, yaani kompyuta imeona katalizeri haisafishi moshi inavyotakiwa.

Muuzaji hakutumia uchawi. Alifuta kode kabla hatujafika, kazi ya sekunde chache kwa valizi ileile, na kwenye magari mengi hata kuchomoa waya wa batri kwa muda hutosha. Kufuta hakutengenezi kitu, ni sawa na kumfuta mgonjwa kwenye daftari la zahanati. Baada ya hapo kompyuta inaanza kujipima upya, na vipimo vingine, hasa cha katalizeri, hungoja injini ipate moto na gari liende mwendo wa kutulia barabarani. Tena kwa makosa mengi ya moshi, taa haiwaki mara ya kwanza. Kompyuta inaweka kwanza kode ya kusubiri. Ikiliona kosa lilelile kwenye safari ya pili, ndipo inawasha taa. Kwenda Likasi ilikuwa safari ya kwanza, kurudi ilikuwa ya pili. Nilipolielewa hilo nilicheka. Shemeji hakucheka.

Kilichonipita kilikuwa kwenye kioo kilekile, ukurasa mmoja mbele. Magari yanayofuata utaratibu wa OBD2, lugha ya pamoja ya kusoma kompyuta za magari, yana orodha ya vipimo ambavyo kompyuta hujifanyia, na kila kimoja kinaonyeshwa kama kimekamilika au bado. Gari linalotembea kila siku huwa limekamilisha karibu vyote. Ukikuta vitatu vinne bado, ujue kumbukumbu imefutwa karibuni, kwa valizi au kwa batri. Valizi nyingi huonyesha pia kilometa zilizotembewa tangu kode zifutwe. Kutoka mpakani Kasumbalesa hadi hapa ni kama kilometa 90. Ukiambiwa gari limekuja kwa magurudumu yake juzi, halafu kioo kinasema kilometa 3 tangu kufutwa, una haki ya kuuliza, kwa upole.

Na jibu la "batri ilikufa" laweza kuwa la kweli kabisa. Gari lililokaa wiki nyingi ndani ya meli na bandarini hufika likiwa limezimika. Kwa hiyo usimwite mtu mwizi. Mwombe mzunguke nalo saa nzima, sehemu yake kwenye barabara nzuri, mlizime, mlitembeze tena, kisha uchomeke upya na kufungua ukurasa wa kode za kusubiri, ambao wengi wetu hatuufungui. Akikataa, mimi naaga naondoka.

"Kode inataja kipande cha kununua"

Fundi anasoma P0171, anakwambia: "Papa, leta sonda lambda." Unanunua hicho kipima-oksijeni cha bomba la moshi, anafunga, baada ya siku nne taa imerudi. P0171 haikutaja sonda hata kidogo. Inasema tu kwamba mchanganyiko una hewa nyingi mno kwa petroli inayoingia. Labda bomba la hewa limepasuka mahali. Labda pampu ya petroli imechoka, au injekta zimeziba. Hapa kwetu mimi huanza na filta ya hewa na kipimo cha hewa kilicho nyuma yake, kwa sababu kuanzia Mei hadi Septemba tunakula vumbi jekundu sisi na magari yetu, na filta iliyochanika inalipitisha vumbi hilo moja kwa moja hadi kwenye kile kiwaya chembamba kinachopima hewa. Kikishapakwa, kinaiambia kompyuta kwamba hewa ni kidogo kuliko ilivyo, kompyuta inatoa petroli kidogo. Sonda ndiyo iliyoleta habari ya njaa hiyo, nasi tunaitupa sonda.

P0420 ya shemeji nayo ingeweza kuwa tundu kwenye bomba la moshi, au katalizeri iliyokufa kwa sababu injini ilikuwa inakosa kuchoma vizuri kwa muda mrefu. Tulilala chini ya gari na tochi. Tukakuta bomba tupu, limechomelewa upya pande mbili. Ndani ya katalizeri mna platini, paladi na rodi, na mji huu wa shaba hauhitaji kufundishwa kwamba madini yana mnunuzi. Wengine huikata gari likiwa bado linauzwa. Walio wajanja zaidi huweka kipande kirefu kidogo kinachoisogeza sonda ya pili mbali na mkondo wa moshi, ili isome hewa tulivu. Hapo kode yaweza isije kamwe, valizi itakupa sifuri ya kweli kwenye gari lisilo na katalizeri. Tochi na nguo kuukuu za kujilaza chini ya gari huniokoa pesa kuliko programu yoyote.

"Taa ya injini haiwaki, tablo ni safi"

Geuza ufunguo bila kuwasha injini. Kwenye tablo, yaani dashibodi, taa ya injini, ya ABS (breki) na ya mifuko ya hewa zote lazima ziwake. Isiyowaka imetolewa balbu. Nyingine huungwa na jirani yake, na hilo ukilitazama vizuri utaona zinazimika pamoja kwa wakati mmoja, kama watoto waliopangwa. Valizi husaidia hapa pia: inajua kama kompyuta imeamuru taa ya injini iwake. Ikisema ndiyo huku tablo ni giza, biashara imeisha. Ila kwa mifuko ya hewa, ABS na mara nyingi hata giaboksi, valizi ya bei ndogo haisomi lolote, inabaki kwenye injini tu. Kwa gari lililohamishwa usukani kutoka kulia kwenda kushoto, lenye nyaya zilizokatwa na kuungwa nyuma ya tablo, sehemu hiyo isiyosomwa ndiyo ningeiogopa zaidi.

"Prizi ipo, valizi yoyote itasoma"

Prizi (tundu la kuchomekea) yenye pini 16 chini ya usukani si ahadi. Marekani ililazimisha OBD2 kwa magari ya kuanzia mwaka 1996. Ulaya ilifuata na ya petroli mwaka 2001, ya dizeli baadaye kidogo. Japani ilikwenda kwa utaratibu wake wenyewe, na gari lililotengenezwa kwa ajili ya Wajapani, kama IST au Spacio za mwanzo wa miaka ya 2000 zilizojaa mitaani kwetu, laweza kuwa na prizi nzuri kabisa na lisimjibu mgeni, mpaka upate valizi inayojua lugha ya kampuni iliyolitengeneza. Mtu akichomeka kidude cha Bluetooth, simu ikaonyesha ukurasa mtupu, akatangaza "hakuna kode", huenda mazungumzo hayakuanza kabisa. Angalia kwanza kama mizunguko ya injini inaonekana na inapanda ukikanyaga mafuta. Isipoonekana, hakuna kilichosomwa.

Magari hayo ya Kijapani mara nyingi pia hayatoi namba ya shasi kupitia prizi. Ya Marekani na Ulaya mengi hutoa ile ndefu ya herufi na tarakimu 17. Ukiipata, ilinganishe na iliyogongwa kwenye chuma na iliyoandikwa kwenye karatasi. Kompyuta yenye namba nyingine imetoka kwenye gari jingine, na hapo hadithi yake hainihusu, narudisha ufunguo.

Ama Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ile ya migodini na ya barabara za Pweto, usijisumbue. Pampu yake ya dizeli ni ya chuma na springi, hakuna kompyuta ya injini ya kuzungumza nayo. Nilimwona kijana mmoja akiitafutia prizi robo saa nzima, mwenye gari akiwa amekaa kivulini anamtazama tu.

"Inafichua kilometa za kweli"

Valizi za kawaida hazifanyi hivyo. Zile za gharama, zinazoongea lugha ya kampuni, wakati mwingine hukuta kilometa zimeandikwa kwenye kompyuta nyingine za gari, kama ya ABS au ya giaboksi, ambako aliyerudisha namba za tablo hakufika. Kama huna hiyo, tazama mpira wa pedali na ngozi ya usukani. Kwa gari la Japani, omba cheti cha kuuzwa nje ya nchi, hubeba kilometa zilizoandikwa kwenye ukaguzi wa huko.

"Zile namba zinazochezacheza ni za fundi"

Hapa ndipo valizi inalipa bei yake, na haihitaji diploma. Namba ninayoipenda kuliko zote ni joto la maji ya injini.

Nenda mapema, kabla muuzaji hajanywa chai. Mwezi wa sita, asubuhi ya Lubumbashi hushuka hadi nyuzi 10 au chini yake, na gari lililolala nje linapaswa kuwa na baridi hiyohiyo. Chomeka, washa ufunguo bila kuwasha injini. Joto la maji na joto la hewa inayoingia vikaribiane sana. Ukikuta hewa 11 na maji 64, kuna aliyekutangulia kuipasha injini, na anajua anachokificha: makelele ya chuma, moshi, au kugoma kuwaka ikiwa baridi.

Kisha endesha. Maji yapande bila haraka hadi karibu na 90, yatulie humo. Yakipita 105 na kuendelea, zima, rudisha gari polepole. Lakini kinachowapita wengi ni kinyume chake: maji yanayogoma kuvuka 65 barabarani, yanapanda tu mkikwama kwenye foleni. Hapo kalostati, vali inayozuia maji kwenda kwenye radieta mpaka yapate joto, imebaki wazi, au imetolewa kabisa. Kuitoa ni dawa ya mitaani tunayoijua wote. Injini inachemka kwa sababu ya radieta iliyoziba au joenti ya kulasi (gasketi ya kichwa cha injini) iliyoanza kuvuja, fundi anang'oa kalostati, mshale unashuka, gari linauzwa. Kuna hata kode ya maji yasiyofika joto lake, P0128, na ndiyo mojawapo ya zinazofutwa asubuhi ya mauzo. Joto lenyewe halifutiki. Ukilikuta hivyo, fungua mfuniko wa radieta injini ikiwa baridi kabisa, utafute mafuta yanayoelea na tope la kahawia.

Voltaji naitazama mara moja tu: injini ikiwaka, kati ya 13.5 na 14.7 kwa magari mengi, ingawa ya karibuni hucheza na namba hiyo kwa makusudi.

Juni iliyopita jirani yangu alipenda Avensis ya 2004 ya petroli, iliyotoka Ubelgiji. Saa moja kasoro tulikuwa mlangoni. Hewa 9, maji 71. Muuzaji akasema alitoka kununua mkate. Sikubishana naye. Kesho yake tukarudi bila kumwarifu, saa kumi na mbili, mlinzi akatufungulia na mwenyewe akatoka na blanketi mabegani. Hewa 8, maji 9. Akawasha. Mvuke mweupe ulitoka, huo ni wa kawaida kwa baridi ile na hupotea hewani. Uliobaki nyuma yake ulikuwa wa bluu, mzito, ukaning'inia uani hadi mlinzi akasogea. Hilo ni oili inayoungua, na valizi ilikuwa bado inasema sifuri.

Jirani akauliza bei ya mwisho ni ngapi sasa. Walipunguza dola 900, akakataa, tukapita kula mikate hukohuko njiani.