Angahewa ya sayari ya mbali: hewa husomwaje bila kuonekana?

Mvua zikianza hapa Moshi, simama usiku chini ya taa ya barazani kumbikumbi wanapotoka. Mmoja akipita kati ya jicho lako na globu, mwili wake unaziba mwanga, ila mbawa zinaupitisha, ukiwa umebadilika rangi kidogo. Wanaochunguza angahewa za sayari zinazozunguka nyota nyingine wanatafuta hizo mbawa.

Sayari inapopita mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota hupungua. Sehemu ndogo ya mwanga hupenya hewa iliyo pembezoni mwa sayari, na humo kila gesi humeza rangi zake: mvuke wa maji una zake, methani ina zake. Darubini huuchanua mwanga huo kama upinde wa mvua, kisha mtaalamu hutazama ni rangi zipi zimepungua. Picha ya sayari haipo. Anachopata ni mchoro wa vilima na mabonde.

Kwa sayari ndogo, kazi hii inachosha. Dunia yetu ikipita mbele ya Jua huziba sehemu 1 tu kati ya 12,000 hivi ya mwanga, na hewa yake ni utando mwembamba juu ya hapo. Ndiyo maana hupendelewa nyota ndogo nyekundu, ambazo hata sayari ndogo huziacha na pengo linalopimika.

Mfano ninaoupenda ni sayari ya GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009, yenye upana wa Dunia mara 2.7 hivi. Jina lake rasmi ni la Kimaasai: Enaiposha, yaani maji mengi, ziwa au bahari. Nyota yake ni Orkaria, ule udongo mwekundu wanaojipaka morani. Majina hayo yalitoka kwa Wakenya, jirani wametuwahi. Sisi tuna WASP-71 b, inayoitwa Tanzanite, lakini hiyo ni dubwana la gesi.

Mwaka 2014, baada ya darubini ya Hubble kuitazama Enaiposha ikipita mara nyingi, mchoro ulitoka bapa, hauna kilima wala bonde. Si kwamba hewa haipo. Juu kumetanda mawingu au ukungu mzito. Mtu wa Moshi haelezwi sana hili. Kuna siku saa nne asubuhi Kibo imeshajifunika, na mgeni anayeshuka stendi anaweza kuapa kwamba hapa hakuna mlima.

Mwaka 2023 darubini ya James Webb ikatumia njia nyingine, ikapima joto: nyuzi za Selsiasi 280 hivi upande wa mchana, 165 upande wa usiku. Sayari hiyo huielekezea nyota yake upande uleule daima, na usiku huo haufikiwi na jua lake kamwe, kwa hiyo kuna hewa inayousafirishia joto. Mwaka huohuo sayari nyingine, TRAPPIST-1 b, inayokaribia ukubwa wa Dunia, ilipimwa joto la upande wa mchana: nyuzi 230 hivi, kama la mwamba mtupu usio na hewa ya kulihamisha.