Mkondo wa chini wa ikweta ni nini?

Mwaka 1952 watafiti wa uvuvi wa Kimarekani, akiwamo Townsend Cromwell, walikuwa wakijaribu kuvua jodari kwa mishipi mirefu katikati ya Pasifiki. Maji ya juu yalikuwa yakienda magharibi, ila mishipi iliyozama ilivutwa mashariki. Chini yao palikuwa na mkondo mwingine kabisa, ambao hadi leo huitwa pia mkondo wa Cromwell.

Huo ndio mkondo wa chini wa ikweta. Una upana wa kilomita 400 hivi na unene wa mita 200 hivi, basi ni kama utepe. Kiini chake huwa karibu mita 200 chini upande wa magharibi, nacho hupanda kadiri unavyokwenda mashariki. Mwendo wake hufikia mita 1.5 kwa sekunde, sawa na mtu anayetembea kwa haraka.

Unasukumwa na nini? Upepo wa kutoka mashariki huyarundika maji upande wa Indonesia, hata uso wa bahari huko ukawa juu kwa takriban nusu mita kuliko pwani ya Amerika Kusini. Maji hutaka kurudi. Juu upepo unayazuia, lakini kwenye kina ambacho upepo haufiki, njia ni nyeupe.

Kinachonivutia zaidi ni jinsi mkondo huu usivyoiacha ikweta. Mzunguko wa dunia huyapinda maji yanayotembea: kulia kaskazini mwa ikweta, kushoto kusini mwake, na kwenye ikweta yenyewe hayapindwi. Simama ukitazama mashariki: kulia kwako ni kusini. Maji yakiteleza kaskazini hupindwa kulia, yanarudi; yakiteleza kusini hupindwa kushoto, yanarudi pia.

Mkondo ukigonga visiwa vya Galápagos, maji yake baridi yenye rutuba hupanda juu magharibi mwa Isabela na Fernandina. Ndiyo sababu kubwa pengwini wanaweza kuishi hapo, ikweta kabisa. Upepo ukilegea, mkondo nao hulegea: wakati wa El Niño ya 1982 na 1983, katikati ya Pasifiki ulitoweka kwa miezi kadhaa.

Kwetu Bahari ya Hindi upepo hugeuka, kaskazi kisha kusi, kwa hiyo mkondo wa chini haudumu mwaka mzima. Huonekana zaidi kaskazi inapoelekea kwisha, halafu hufifia.