Gari zito nalo huelea

Nchi za baridi watu huandaa magari kwa ajili ya theluji; huku Lindi na Mtwara hatuna. Tunachojiandalia ni mvua, hasa kati ya Desemba na Aprili. Na kila msimu utamsikia mtu kijiweni: "Gari langu zito bwana, maji yaliyojaa barabarani hayalifanyi kitu."

Yatalifanya. Gari ni kama boksi lililojaa hewa. Chukua gari dogo lenye sakafu ya mita 4 kwa 1.5. Maji yakipanda sentimita 10 juu ya sakafu kabla hayajaingia ndani, hulinyanyua kwa nguvu ya kama kilo 600. Yakifika sentimita 20 ni kilo 1,200, na gari dogo lenyewe lina uzito wa hapo hapo. Tairi zikishaachia ardhi, mkondo unamalizia. Landikruza? Inachelewa tu.

Tena, huoni kilichopo chini. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi pale Somanga, Kilwa. Maji ya matope hayakuonyeshi kama lami bado ipo.

Kwa hiyo kagua breki, waipa na tairi vipara mapema. Injini ikizima majini usipige stata tena: maji hayabanwi ndani ya silinda kama hewa, na kondirodi (chuma kinachosukuma pistoni) inaweza kupinda.

Nyumbani nako kuna imani hiyohiyo ya uzito, mawe juu ya bati. Upepo mkali huyaangusha vichwani mwa watu. Afadhali uongeze misumari na ufunge kenchi imara ukutani.