Zaburi ya 14 Haiwasemi Wapagani Peke Yao

"Mwalimu, hiyo ni ya wapagani." Kila tukifika Zaburi ya 14 katika somo la Biblia, lazima mtu aseme hivyo. Akishasoma "Mpumbavu amesema moyoni, Hakuna Mungu", basi, ametulia. Yeye anasali na zaka anatoa, hayamhusu.

Jamani, endeleeni kusoma! Aya ya 1 inaishia na "Hakuna atendaye mema", na anayesemwa ni mpumbavu. Aya ya 2, Bwana anachungulia toka mbinguni, na sasa anaowatazama ni wanadamu. Aya ya 3 inaurudisha mstari uleule, "Hakuna atendaye mema", kisha inaongeza: "La! Hata mmoja." Ndio ufundi wa mshairi huyu: hukumu uliyompigia makofi ilipomwangukia mwenzako imekufikia na wewe kabla ya aya ya 4. Zaburi ya 53 inarudia karibu shairi zima, na Paulo katika Warumi 3 ananukuu maneno haya akionyesha kwamba Wayahudi na Wayunani wote wako chini ya dhambi.

Wengine hukimbilia aya ya 5 inayomtaja mwenye haki. Someni na ya 6: mwenye haki huyo anaitwa mnyonge, na kimbilio lake ni Bwana, si matendo yake. Na aya ya mwisho inalilia wokovu utoke Sayuni. Ndiyo maana nasisitiza zaburi isomwe yote, kwa sauti, mpaka mwisho.

"Neema ilianza Agano Jipya." Si kweli. Zaburi 130 inauliza nani angesimama kama Bwana angehesabu maovu, na papo hapo inajibu kwamba kwake kuna msamaha. Katika Zaburi 51 Daudi anaomba rehema kwa fadhili za Mungu, wala hataji jema lake hata moja.

"Zaburi 51:5 inasema mama yake Daudi alizini." Hapana. Anayeungama ni Daudi, baada ya nabii Nathani kumjia kwa habari ya Bathsheba, mke wa mtu aliyezini naye. Anasema dhambi iko naye tangu mwanzo wa uhai wake, tangu mama yake alipomchukua mimba. Mwacheni mama wa watu.

"Toba ni ya walioanguka vibaya." Anayeomba Zaburi 143 ni mtu anayeonewa, adui anamwandama. Wengi huipenda kwa ajili ya huyo adui, wakairuka aya ya 2, ambapo mwombaji anamsihi Mungu asimhukumu, kwa maana mbele zake hakuna aliye hai mwenye haki. Iombeni hiyo kwanza, ndipo mfike kwa adui.