Dipendensi ni nini, na kwa nini "zinapotea" ukihamia Python mpya

Juzi asubuhi kanipigia mzee wangu mmoja ananunua dagaa kule Deep Sea hapa Tanga, "mwanangu mizani imekufa". Nikamwambia shikamoo kwanza mzee, mizani yenyewe inawaka? Akasema inawaka na uzito unaonekana ila kwenye kompyuta hamna kitu, kidirisha cheusi kinatokea kinapotea. Sasa kile kiprogramu nimeandika mimi, kinasoma uzito kutoka kwenye mizani kwa waya wa USB kinaingiza kwenye hesabu za siku, kwa hiyo nikajua chai leo nainywa hukohuko.

Nimefika nikafungua dirisha la amri nikaendesha kwa mkono ili ujumbe usikimbie, ukatoka huu: ModuleNotFoundError: No module named 'serial'. Nikauliza nani kagusa mashine. Hakuna mtu. Halafu akakumbuka, aah, mjukuu alikuja jana jioni kuweka kitu cha masomo yake. Kuangalia, dogo kaweka Python 3.12 (Python ndo lugha niliyoandikia kile kiprogramu) pembeni ya 3.11 iliyokuwepo. Kesi ikaishia hapo.

Hiyo serial ndo dipendensi. Ni kipande cha programu kilichoandikwa na watu wengine, wewe unakitumia usianze kuandika kila kitu mwenyewe. Kuna wanaoita tegemezi, mi hapo sikubaliani nao, maana tegemezi kwetu ni yule unayemlisha, unayemjaza kwenye fomu ya bima, wakati hiki kitu ndo kinachokulisha wewe. Ingekuwa tegemeo ningeelewa. Basi niendelee na dipendensi, ndo neno mafundi wanalotumia.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba programu yako haibebi dipendensi ndani yake. Ile kodi yangu (maandishi ya programu, siyo ya TRA) haina hata mstari mmoja unaojua kuongea na poti ya mizani, ina mstari juu kabisa umeandikwa import serial, basi, yaani imetaja jina tu. Kazi ya kumtafuta mwenye jina ni ya Python, na Python inatafuta kwenye folda zake yenyewe. Kwenye Windows, Python 3.11 inakaa kwenye folda inayoitwa Python311 na 3.12 inakaa Python312, kila moja ina folda yake ya site-packages ndani, ndo zinakokaa pakeji, yaani hizi dipendensi zikishashushwa, na haziendi kuchungulia kwa mwenzake. Ni kama barabara zetu za Ngamiani zilivyopewa namba, ukihama ya 11 ukaenda ya 12 umesogea hatua chache lakini mwenye duka wa kule ya 11 aliyekuwa anakukopesha unga hajahama na wewe, na huyu wa hapa hakujui.

Kwa hiyo hamna kilichopotea. Pakeji zote zilikuwa palepale zilipokuwa jana, aliyebadilika ni anayetafuta, sababu ile amri ya py inayowasha Python usipoiambia vesheni inachukua iliyo mpya kuliko zote. Nikaandika py --list nikaziona zote mbili, nikabadilisha shotikati ya mzee iwe py -3.11 halafu jina la faili, na dagaa wakaanza kupimwa. Dagaa hawasubiri mtu ajifunze mambo ya vesheni.

Hilo likawa la kuvusha siku, jioni nikarudi kuhamisha vizuri. Hapa ndo watu wengi wanaharibu, wanafuta ya zamani kwanza ndo wanaanza kuhangaika na mpya, wakati ya zamani ndo yenye orodha ya kila kitu. Kwanza unaandika py -3.11 -m pip freeze > orodha.txt (pip ndo kile kifaa cha Python cha kushusha pakeji), unapata faili lenye kila pakeji na vesheni yake, halafu py -3.12 -m pip install -r orodha.txt na zinashuka moja moja kwa bando lako. Tena zingatia ile -m pip, ukiandika pip peke yake unaweza kukuta umeinstoo kwenye nyumba ileile ya zamani halafu unashangaa mbona hitilafu haiishi.

Kama huna orodha unabaki kusoma majina kwenye ujumbe wa hitilafu, na hapo pana mtego umenila mwenyewe siku za nyuma. Jina la kwenye import siyo lazima liwe jina la pakeji. Hii serial inatoka kwenye pakeji inaitwa pyserial. Ukiandika pip install serial haikatai, inakuwekea kitu kingine kabisa chenye jina hilo, unafurahi, unaendesha programu inakwambia serial haina Serial, unabaki unaitazama skrini. Ndo ilivyo hata kwa cv2 ambayo ni opencv-python, PIL ni Pillow, bs4 ni beautifulsoup4, yaml ni PyYAML. Kwa hiyo tafuta kwanza jina la pakeji ndo uandike amri.

Sasa turudi kwa mzee, pyserial ilipokwisha kuingia kwenye 3.12 programu ikatembea hatua mbili ikaanguka tena, safari hii inasema No module named 'distutils'. Hii ni kesi ya aina nyingine. distutils haikuwa ya kuinstoo, ilikuwa inakuja ndani ya Python yenyewe miaka yote, wenyewe wakatangaza kwenye 3.10 kwamba itaondoka, na kwenye 3.12 iliyotoka Oktoba 2023 wakaitoa kweli. Kwa hiyo hata ungekuwa na orodha nzuri vipi isingekuwemo. Ukitaka nafuu ya haraka unaweka setuptools, ndani yake kuna nakala ya distutils na zile import za zamani zinaendelea kufanya kazi. Mi nikaona aibu kuweka pakeji nzima kwa ajili ya kifanksheni kimoja, maana nilikuwa natumia strtobool tu, kile cha kugeuza "yes" na "no" kuwa 1 na 0, nikaandika changu kwa mistari minne. 3.13 nayo ikaja ikatoa nyingine, cgi na telnetlib zikiwemo, kwa hiyo ukiona jina linakosekana jiulize kwanza lilikuwa la nani, la kwako uliloleta au la wenye nyumba.

Kuna aina ya tatu haikumhusu mzee ila utakutana nayo tu. Pakeji kama numpy zina vipande vilivyokwisha kutengenezwa kwa ajili ya vesheni moja moja, ukitazama jina la faili linaloshuka utaona cp311 au cp312. Orodha yako ikiwa imeganda kwenye numpy 1.24, hiyo haina kipande cha 3.12, basi pip inajaribu kuijenga hapohapo kwenye mashine yako na inakutemea kurasa mbili za maandishi mekundu, mara inadai Microsoft Visual C++. Watu wanaanza kudaunlodi magigabaiti. Acha hiyo habari, fungua orodha.txt, futa == na namba vinavyofuata jina numpy, ishuke mpya, kwa 3.12 unataka kuanzia 1.26.

Na kama unatumia venv, yaani folda ya pembeni yenye pakeji za programu moja tu, usiibebe folda nzima kuihamishia vesheni mpya, ile imefungwa kwa Python iliyoizaa, tengeneza nyingine kwa py -3.12 -m venv halafu jina la folda, na umwage orodha yako ndani. Mtu akipandisha kutoka 3.12.3 kwenda 3.12.4 asihangaike na haya yote, folda inabaki Python312 ileile na pakeji zake zimo.

Kwa mzee 3.11 sijaitoa bado, nimeiacha wiki mbili nione. Mjukuu nimemwonyesha ile orodha.txt, akaniuliza, "anko, kwani ningejuaje?" Nikakosa jibu, maana kweli siku namwandikia babu yake sikuacha hata karatasi ya maelezo.