Si kila penye oksijeni pana redoksi

Wanafunzi wengi wa sekondari hapa Dar es Salaam huamini kwamba mmenyuko ni wa redoksi (yaani elementi moja inapoteza elektroni na nyingine inazipokea) pale tu oksijeni inapohusika. Imani hiyo ina chanzo chake: mfano wa kwanza darasani huwa kutu, na anayeishi karibu na bahari huiona kwenye bati kila siku.

Kinachoamua hasa ni elektroni. Tumbukiza msumari wa chuma katika maji ya mrututu, yaani salfeti ya shaba (ni sumu, usiuonje), na baada ya muda utavaa ngozi nyekundu ya shaba. Chuma kimepoteza elektroni 2, na namba yake ya oksidisho (hesabu ya elektroni zilizopotezwa au kupokelewa) imetoka 0 hadi +2. Shaba imezipokea, ikashuka kutoka +2 hadi 0. Oksijeni iliyo ndani ya salfeti ilibaki -2 mwanzo hadi mwisho. Haikufanya lolote.

Sasa chukua tanuri la chokaa, la mawe ya matumbawe. Kalsiamu kaboneti ya mawe hayo inavunjika kuwa kalsiamu oksaidi na kaboni dayoksaidi. Oksijeni imejaa kila upande, lakini kalsiamu ni +2, kaboni +4, oksijeni -2, kabla na baada. Hiyo si redoksi.

Ukitaka kuhakiki mwenyewe, andika namba ya oksidisho juu ya kila elementi pande zote mbili. Elementi iliyo peke yake ni 0, oksijeni kwenye kampaundi kwa kawaida -2 (kwenye peroksaidi -1), hidrojeni mara nyingi +1. Hakuna namba iliyobadilika? Hakuna redoksi.