Desibeli 55 za wapi, na za saa ngapi? Dhana potofu kuhusu vipimo vya kelele

Kanuni za kelele zikitaja desibeli 55, wengi huichukua namba hiyo kama kilo kwenye mizani: imezidi au haijazidi. Malalamiko mengi ya haki hukwamia hapo. Namba hiyo haina maana mpaka ujue sauti imepimwa wapi, kwa muda gani, na kwa kichujio cha herufi gani.

Dhana: Desibeli 60 ni maradufu ya 30

Desibeli hazijumlishwi kama sentimita. Mashine mbili zenye desibeli 60 kila moja, zikiwashwa pamoja mbele yako, hutoa 63, si 120. Kila ongezeko la desibeli 10 ni nguvu ya sauti mara kumi, ingawa sikio huihisi kama imekua takriban maradufu. Kutoka 30 hadi 60, basi, nguvu imeongezeka mara elfu moja.

Dhana: Kipimo kikiwa chini ya kikomo, anayelalamikia besi anajitungia

Hili linaniuma, kwa sababu nimeona watu wakiitwa waongo kwa ajili yake. Kanuni nyingi hupima kwa dBA, yaani desibeli za herufi A. Herufi A ni kichujio kinachoiga jinsi sikio linavyosikia sauti ndogo, nacho huzipunguza sana sauti nzito. Katika masafa ya hezi 63 (mitetemo 63 kwa sekunde), ambako besi ya spika hudunda, hukata takriban desibeli 26. Kichujio cha C, katika masafa hayohayo, hakikati hata 1. Kwa hiyo mdundo wa desibeli 75 utasomeka 49 kwa A na 74 kwa C. Ni mdundo uleule, usiku uleule, lakini kwa A uko ndani ya sheria.

Na aliyelala nyumba ya pili hasikii hata maneno ya wimbo. Kuta zimeyazuia, kinachopenya ni ule mdundo tu, ndio ambao A inaupuuza. Ndiyo maana baadhi ya kanuni huweka kikomo cha dBC kwa muziki, au hupima kila sehemu ya masafa peke yake. Soma kwanza kanuni za kwenu zinatumia herufi ipi.

Dhana: Sogeza kifaa kwenye spika, usome namba ya juu kabisa

Kwa kawaida kanuni hutaja mahali pa kupimia: mpakani mwa kiwanja, au nje ya dirisha la mlalamikaji. Mahali hapo si jambo dogo. Penye uwazi, umbali kutoka kwenye spika ukiongezeka maradufu, sauti hushuka desibeli 6 hivi; ukuta ulio karibu nao huirudisha sauti na kukiongezea kipimo takriban desibeli 3.

Muda nao hutajwa. Kanuni nyingi hutumia wastani wa nishati ya sauti, unaoandikwa Leq, na wastani huu huelemea upande wa kelele kubwa. Saa nzima ya desibeli 40 ikiingiliwa na dakika 1 tu ya desibeli 80, wastani wake ni takriban 62. Kanuni nyingine huangalia kilele, hasa usiku.

Je, simu inatosha? Kwa kukupa picha, ndiyo. Kama ushahidi, mara nyingi hapana. Wapimaji hutumia kifaa cha daraja la 1 au la 2 kwa kiwango cha kimataifa cha vipima sauti, IEC 61672, na hukihakiki kabla na baada ya kupima kwa kalibreta, kifaa kinachotoa sauti ya kiwango kinachojulikana, aghalabu desibeli 94. Hupima pia eneo chanzo kikiwa kimezimwa: tofauti isipofika desibeli 3, huwezi kusema kwa uhakika kelele ni ya jirani au ya barabara.

Dhana: Bila kifaa hakuna kesi

Baadhi ya kanuni hazina desibeli hata moja. Zinauliza kama sauti inasikika waziwazi kutoka umbali fulani, baada ya saa fulani. Hapo afisa hutumia masikio yake, na daftari ulimoandika tarehe, saa na aina ya kelele lina uzito.